UKOO WA KUKHU, NYANYA YETU (Kakamega na Kisumu)

Senje Rose, 19:04
Jioni njema. Naona tiki za buluu 14 na jibu hakuna. Jumatano Musa anatajwa kortini. Kabla ya hapo barua yetu ya malalamiko, vile anatishwa huko rumande, iwe imefika kwa mkuu wa gereza.

Senje Rose, 19:06
Nani ana karatasi ya mashtaka? Nataka jina kama lilivyoandikwa pale, nambari ya kesi, na nambari yake ya gerezani. Barua ikikosa hizo tatu inazunguka ofisini tu.

Denno, 19:15
Senje, mimi hata nambari ya kitambulisho changu siijui 😂

Mama Tosh, 19:31
Ninayo. Nitapiga picha stima ikirudi. Jumapili alikuwa anaficha mkono wa kushoto. Askari alikuwa karibu, hakusema kitu.

Senje Rose, 19:33
Ndiyo maana nasema muulizeni maswali ya ndiyo na la. Umeonwa na daktari? Bado uko blok ile ile? Mwambieni akunje mikono ya shati. Na wewe andika leo leo: tarehe, saa, mkono upi, uvimbe uko wapi. Ukingoja wiki moja utaandika unachodhani.

Wycliffe, 19:50
Si twende IPOA tu?

Senje Rose, 19:52
IPOA ni ya polisi. Angekuwa seli ya stesheni, sawa. Askari jela si wao. Barua kwa mkuu wa gereza, nakala kwa KNCHR, ile tume ya haki za binadamu, na Ombudsman, wale wa malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Tutaje Kifungu cha 51 cha Katiba na ile sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru. Nakala yetu igongwe muhuri na tarehe, la sivyo watasema hawakuiona.

Wycliffe, 19:58
Na wanaomtisha tuwataje?

Senje Rose, 20:01
Si kwa simu. Na yule mahabusu aliyetuambia asitajwe popote, hata herufi ya kwanza ya jina. Tuombe Musa ahamishwe blok, ila tuandike wazi asifungiwe peke yake. Mtu anaweza "kulindwa" mpaka ikawa adhabu.

Senje Rose, 20:03
Wakili amwambie hakimu habari ya mkono, aombe amri ya matibabu na iandikwe kwenye faili. Hakimu akisema kwa mdomo tu, gerezani hawana cha kufuata. Halafu mtu abaki rejistri, achukue nakala ya amri, aipeleke mwenyewe. Ukiwaachia, inalala pale.

Mama Tosh, 20:20
Kuna mtu alipiga leo, ati Musa amelazwa, tutume 8,000.

Baba Brian, 20:41
Mimi nilituma 3,000 🙈

Senje Rose, 20:42
Peter! Usifute ule ujumbe wa M-Pesa, ni ushahidi. Ukilipa mara moja, Ijumaa bei inapanda. Lakini si mara ya kwanza pesa kupotelea kwako.

Baba Brian, 20:44
Usinianze Rose. Ile ng'ombe ya Butere mtaniuliza mpaka lini?

Denno, 20:45
Ng'ombe ameongezwa kwenye kikundi 🐄

Kakake Denno, 20:46
😂😂😂

Senje Rose, 20:47
Mnacheka mtu akiwa ndani.

Wycliffe, 21:02
Kukhu amesema niandike hivi: "Ng'ombe alikuwa wangu, na nilinyamaza. Mtoto akiumia huko sitanyamaza. Peter ndiye aende."

Baba Brian, 22:47
Jumatatu niko Eldoret. Jumanne asubuhi?

Senje Rose, 22:49
Jumanne saa mbili uwe langoni na kitambulisho. Dawa zake za pumu peleka na karatasi ya daktari, upeane kliniki, usizifiche kwenye chakula. Barua nitaandika mimi nikipata zile nambari. Jumatano nani atabaki rejistri?

Denno, 23:10
Naweza mimi, lakini nauli?

Senje Rose, 23:11
Mama Tosh, ile picha?

Mama Tosh, 06:12
Stima bado.