Nina umri wa miaka 44 na kila usaili unaishia kwenye mwaka niliozaliwa: naomba ushauri

Mhasibu wa Nkuhungu ameandika:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kulipitia jambo hili, na zaidi kwa wale ambao kazi yao ni kuajiri.

Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto watatu, na mwakani nitatimiza miaka 45. Nina stashahada ya juu ya uhasibu, na kwa miaka 16 nimetunza hesabu za miradi ya maji na lishe katika wilaya za Kongwa, Chamwino na Manyoni, hadi wafadhili wa nje waliposimamisha fedha na mradi wetu ukafungwa kabla ya muda wake. Tangu hapo nimekuwa nikiomba kazi katika kampuni binafsi, shule, hospitali za taasisi za dini na mashirika machache yaliyosalia. Ndugu zangu wa kijijini wakisikia kwamba ninakaa Dodoma na bado sina kazi, hunishangaa, kwa maana wao wanaamini kuwa tangu Serikali ihamie huku ajira zinaokotwa pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Hawajui kwamba watumishi wengi waliohamia walikuja na nafasi zao, na kwamba kilichotuongezekea sisi wenyeji kwa haraka zaidi ni kodi za nyumba.

Kuitwa kwenye usaili ninaitwa. Mazungumzo huenda vizuri tunapojadili programu ya hesabu ya Tally, kodi ya zuio na taarifa za wafadhili, mpaka mmoja wao atakapofika kwenye tarehe yangu ya kuzaliwa. Hapo maswali hubadilika. Nimeulizwa kama nitakubali kuongozwa na meneja aliyezaliwa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nimeulizwa kama sitaona aibu kupokea mshahara huo "kwa rika langu". Mwezi uliopita ofisi moja ilinitumia ujumbe wa maandishi ikisema kwamba imeridhishwa na uzoefu wangu, ila inatafuta mtu asiyezidi miaka 35. Tangazo lenyewe halikuwa limetaja umri wowote.

Je, niondoe tarehe ya kuzaliwa kwenye wasifu wangu? Je, ipo sheria inayonilinda, au ni maneno tu ya semina? Na je, nielekeze nguvu serikalini kabla sijapitwa na umri?

Kisasa Relini amejibu:

Pole sana, dada. Kabla ya yote, usiufute ujumbe huo. Wengi husema mambo hayo kwa mdomo, na wachache mno huyaandika.

Afisa Ajira Asiye na Cheo amejibu:

Dada, nimefanya kazi ya rasilimali watu katika kampuni binafsi kwa muda mrefu, nami nitasema ukweli hata kama hautapendeza.

Nafasi moja ya mhasibu ikitangazwa leo hapa mjini, maombi hufurika kiasi kwamba hakuna anayeyasoma yote. Mtu aliyepewa kazi ya kuchuja hutafuta kigezo chochote cha kupunguza rundo kabla ya saa ya kutoka ofisini, na umri ni kigezo chepesi kwa sababu hakihitaji kufikiri. Uwezo wako haujapimwa wala kukataliwa; rundo limepunguzwa tu. Ukishafika kwenye usaili, hofu huwa ni nyingine. Meneja kijana huogopa kumwajiri mtu anayejua kazi kuliko yeye, naye hawezi kulitamka hilo, kwa hiyo hulivika vazi la "kuendana na timu". Mkurugenzi naye huogopa kwamba uliyezoea mshahara wa mradi wa wafadhili utakubali mshahara wa kampuni kwa shida ya sasa, kisha uondoke mradi mwingine ukitokea. Hofu hii ya pili ina ukweli kiasi, na ndiyo unayoweza kuijibu. Usisubiri kuulizwa. Eleza kwenye barua yako kwamba unafahamu viwango vya mishahara vya sekta binafsi na kwamba unatafuta kituo cha kudumu Dodoma kwa sababu familia yako iko hapa.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, iondoe. Mwajiri binafsi hahitaji kuijua ili aamue kukuita. Ataihitaji wakati wa kukuandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Ondoa pia miaka uliyosoma shule ya msingi na sekondari, ambayo sijui kwa nini bado tunaiandika. Hata hivyo, usidanganye. Anayefupisha wasifu wake ametumia haki yake, lakini anayebadilisha mwaka wa kuzaliwa ataumbuka siku namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, itakapoingizwa kwenye mfumo.

Jambo jingine ninaloliona katika wasifu wa watu wa rika letu (nami nimevuka 40) ni kuorodhesha majukumu badala ya kazi iliyofanyika. "Kuandaa hati za malipo" ni sentensi ambayo hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaiandika. Sema ulisimamia bajeti ya kiasi gani, katika wilaya ngapi, na wakaguzi wa nje walitoa hati ya aina gani.

Mhitimu 2022 amejibu:

Naomba nami niseme, kwa heshima yote kwa mama. Huku kwetu tunaambiwa tulete uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuingiza data. Nimejitolea katika ofisi moja kwa muda mrefu bila hata nauli ya daladala, na nafasi ilipotoka akapewa mtu aliyekuja na barua ya mjomba wake. Sasa ninashindwa kuelewa: ikiwa vijana hatufai kwa kukosa uzoefu na wazazi wetu hawafai kwa kuzidi umri, ni nani hasa anayeajiriwa?

Mhasibu wa Nkuhungu amejibu:

Mwanangu, wala hujanikosea. Mwanangu wa kwanza anamaliza chuo mwaka huu, kwa hiyo yote mawili ninayaona nyumbani kwangu. Afisa Ajira, nakushukuru, ingawa hilo la meneja kijana limeniuma. Nilidhani ni mawazo yangu tu.

Wakili wa Makole amejibu:

Swali lako la sheria lina jibu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa ajira, na miongoni mwa misingi iliyotajwa, pamoja na jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo, umo umri. Wengi hudhani kwamba ulinzi huo ni wa aliyekwisha kuajiriwa. Sivyo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mfanyakazi ni pamoja na mwombaji wa kazi, kwamba mwajiri ni pamoja na wakala wa ajira, na kwamba utaratibu wa ajira unahusu pia matangazo na vigezo vya uteuzi.

Mwajiri anao utetezi: anaweza kuonyesha kwamba sifa anayoidai inatokana na asili ya kazi yenyewe. Kwa kazi ya kutunza vitabu vya hesabu, ningependa sana kumsikia akieleza kwa nini mtu wa miaka 36 hawezi. Tena, ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ndiyo maana ule ujumbe wa maandishi una thamani kubwa.

Mlango wa kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Dodoma. Unajaza fomu namba moja ya Tume, unampa mwajiri nakala, kisha unaiwasilisha. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi, muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, nawe umesema ujumbe ulikuja mwezi uliopita, kwa hiyo siku zinakwenda. Shauri huanza kwa usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, shauri la ubaguzi wa aina hii linaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hata hivyo, ningekuwa ndugu yako ningekushauri ujiulize kwanza unataka nini. Usuluhishi unaweza kukupatia fidia au makubaliano. Kukupatia furaha ya kufanya kazi kwa watu waliokwisha kusema hawakutaki, hauwezi.

Karani Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nimestaafu katika utumishi wa umma, acha nijibu hilo la serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini tayari. Wapo wanaouona ubaguzi hapo, na sitabishana nao, lakini hesabu yake inaeleweka: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Toa 15 katika 60. Kwako wewe hesabu hiyo inachekesha kidogo, maana ikiwa michango yako ya mfuko wa NSSF ilipelekwa yote kwa miaka 16, miezi hiyo 180 umekwisha kuivuka.

Kwa hiyo bado una muda, ila mfupi. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Ajira Portal wiki hii, usingoje tangazo. Hakiki kwamba majina ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo na NIDA yanafanana. Akina mama wengi waliobadilisha jina baada ya ndoa hukwama hapo, na ikiwa yametofautiana utahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina. Tafuta nafasi za Afisa Hesabu, maana zile za Mhasibu mara nyingi hudai cheti cha kitaaluma cha CPA. Ujue pia kwamba utaingia kwa daraja la kuanzia, sawa na mhitimu wa juzi, na usaili wa mchujo ni wa kuandika. Humo umri hauna mahali pa kukuponza, kwa sababu anayesahihisha haoni uso wako. Na ukifaulu usaili wote lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lako hubaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo baadaye bila kufanya usaili upya. Wengi hawalijui hili, wanakata tamaa mapema.

Mama Ilazo amejibu:

Usikubali pia kutozwa fedha. Kuna mawakala wanaowaahidi watu wa umri wetu "nafasi za ndani" kwa malipo ya usajili au ya vipimo vya afya. Wakala halali anapaswa kulipwa na mwajiri, wala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Huduma ya ajira ya Serikali, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TaESA, inaandikisha watafuta kazi bure.

Mwana Ushirika wa Singida amejibu:

Mimi nitakupeleka kwingine kabisa. Umefikiria vyama vya ushirika? Huku Kanda ya Kati kuna AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za alizeti na zabibu, na SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, za kila aina, ambazo zinahangaika kupata mtu wa hesabu anayekubali kufanya kazi wilayani. Vitabu vyao lazima vikaguliwe, Shirika la Ukaguzi la COASCO liko hapo hapo Dodoma, na siku hizi taarifa zao zinaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa MUVU unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Bodi zao nyingi zimejaa wazee, na katika vikao nilivyohudhuria kijana wa miaka 25 ndiye anayetazamwa kwa mashaka. Mshahara si wa mradi wa wafadhili, nisikufiche. Lakini ukishika vyama viwili au vitatu vidogo kwa mkataba wa muda, unaweza kujikimu huku ukiendelea kuomba. Anza kwa afisa ushirika wa wilaya ya Kongwa au Chamwino, ambako naamini unafahamika tayari.

Mhasibu wa Nkuhungu amejibu:

Nawashukuru nyote. Jumatatu nitashughulikia majina, kwa kuwa cheti changu cha kidato cha nne kina jina la babu ambalo NIDA hawanalo. Afisa ushirika wa Chamwino ninamfahamu, tulikaa naye kwenye kikao cha tathmini ya mradi. Kuhusu Tume ya Usuluhishi bado ninasita, kwa sababu mji huu ni mdogo na waajiri wanazungumza. Wakili, je, nikiwasilisha shauri jina langu litatangazwa?

Wakili wa Makole amejibu:

Kikao cha usuluhishi ni cha faragha, na yanayosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi. Lakini likifika Mahakama Kuu, uamuzi ni wa wazi na kwa kawaida hubeba majina ya wahusika. Ukitaka, njoo ofisini kwangu na ujumbe huo ukiwa bado kwenye simu, usije na nakala uliyoandika upya, tuhesabu pamoja zimebaki siku ngapi kabla hujaamua.