Naomba ushauri: fomu inakubali kwenye localhost, kwenye simu inagoma

Wakuu, naombeni msaada. Fomu ya usajili inatuma vizuri kwenye kompyuta kwa http://localhost:5500 (localhost ni kompyuta yenyewe). Nikiifungua kwa simu kupitia Wi-Fi ileile, kwa http://192.168.1.20:5500, nikibonyeza Tuma ukurasa unajipakia upya na data zote, hadi nywila, zinaonekana kwenye anwani baada ya alama ya kuuliza. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimeunganisha simu kwa waya wa USB, nikafungua chrome://inspect (ukurasa wa Chrome wa kukagua makosa ya simu), nikakuta: crypto.randomUUID is not a function, yaani brauza haina amri hiyo ya kutengeneza kitambulisho cha nasibu. Kodi ilikuwa hivi:

form.addEventListener("submit", e => {
  const id = crypto.randomUUID();
  e.preventDefault();
  tuma(id);
});

Mstari wa randomUUID ukifeli, preventDefault, inayozuia brauza kutuma fomu yenyewe, haifikiwi, basi brauza inaituma kwa GET, njia inayoweka data kwenye anwani. Nimepandisha preventDefault juu, ukurasa umetulia, kosa liko palepale.

Najua randomUUID hutolewa kwenye HTTPS au localhost tu, lakini getRandomValues, inayotoa baiti za nasibu, hufanya kazi hata kwenye HTTP. Sasa, nitengeneze cheti cha HTTPS cha majaribio kwa mkcert (programu ya kutengeneza vyeti hivyo) na kukisakinisha kwenye kila simu, au nijenge kitambulisho kwa baiti 16 za getRandomValues? Seva halisi itakuwa na HTTPS. Mliowahi kupita hapa, mnashauri ipi?