Malta 1565: Msimlaumu Piyale, tazameni Mdina

Yakitajwa mazingiwa ya Malta, kisiwa cha Mediterania ambacho Waothmani (Waturuki) walishindwa kukitwaa kwa askari watawa wa Mtakatifu Yohane, lawama humwangukia Piyale Pasha. Husemwa kwamba amiri huyu wa merikebu za Waothmani ndiye aliyeng'ang'ania ngome ndogo ya St. Elmo ipigwe kwanza, ili apate pa kutia nanga katika bandari ya Marsamxett, na kwamba ukaidi wake ndio uliomkosesha Sultani Suleiman kisiwa. Napinga, tena kwa nguvu.

Jeshi lile lililofika Mei 1565 lilitegemea merikebu kwa kila kitu: baruti, chakula, na njia ya kurudi nyumbani. Dhoruba moja ingetosha kuzivunja. Piyale kutafuta bandari salama halikuwa kosa.

St. Elmo iligharimu sana, hilo nakubali. Ilishikilia karibu wiki nne mpaka 23 Juni, ikala maelfu ya askari, na Turgut Reis, baharia wao aliyeyajua maji yale vizuri, akafia hapo. Hata hivyo Waothmani waliobaki walikuwa bado wengi kuliko walinzi wa kisiwa, ambao tangu mwanzo walikuwa kama elfu sita tu. Askari watawa wa Mtakatifu Yohane wanaosifiwa kila mara walikuwa mia tano hivi. Wamalta wa kawaida walikuwa wengi zaidi, na sifa zao tunazisahau.

Sasa Mdina. Mji wa kale katikati ya kisiwa, kuta kuukuu, ukaachwa nyuma ya mgongo wa jeshi! Tarehe 7 Agosti, Waothmani wakiwa karibu kabisa kushinda kwenye Birgu na Senglea, miji yenye ngome kando ya bandari kuu, wapanda farasi wa Mdina waliivamia kambi yao, wakaua majeruhi na kuchoma mahema. Mustafa Pasha, kamanda wa nchi kavu, akadhani jeshi la Hispania limeshuka kutoka Sicily, akaamuru askari warudi. Jeshi hilo lilishuka kweli mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Septemba, na Mdina ilikuwa bado wazi kulipokea.

Mtaniambia Mustafa mwenyewe alitaka kuanza na Mdina, Piyale akamzuia. Sawa. Lakini baada ya 23 Juni bandari ya Marsamxett ilikuwa mikononi mwao, na Piyale hakuwa tena na cha kudai. Kwa nini basi Mustafa aligeukia Birgu na Senglea, zenye ngome imara, akauacha mji uliokuwa dhaifu? Anayemtetea anijibu hapo.