Salvation Mountain: inafaa kusafiria katika joto la jangwani?

MamaWawili, Nakuru
Hamjambo nyote. Mwezi wa Agosti nitakuwa San Diego, Marekani, kwa dada yangu, naye ameahidi kunipeleka Salvation Mountain, kile kilima kilichopakwa rangi katika jangwa la kusini mwa California. Mume wangu anasema huko ni kuchoma petroli bure. Kwa waliowahi kufika, je, kuna la kuona kuliko picha za mitandaoni, na mtoto wa miaka sita atastahimili?

MtuWaDunga, Kisumu
Dada, nenda, lakini usithubutu kufika mchana wa Agosti, kwa maana joto hupita nyuzi 40 na kivuli ni haba. Ondokeni alfajiri, ni mwendo wa karibu saa tatu kwa gari, na ukishafika mji mdogo wa Niland umebakiza kilomita 5 hivi. Jazeni tangi na mbebe maji ya kutosha, kwa sababu Slab City, makazi ya jirani, ni kambi ya zamani ya wanajeshi iliyobakiwa na sakafu za zege, isiyo na maji ya mfereji wala umeme. Kiingilio hakuna. Mkiruhusiwa kupanda, fuateni njia ya manjano. Mtoto asikanyage maua.

FundiUdongo, Vihiga
Shemeji yetu ana hoja ikiwa ataangalia rangi peke yake. Mimi hukandika nyumba, na kilichonivutia ni ujenzi wenyewe. Leonard Knight, aliyekijenga kilima hicho, alifika pale mwaka 1984 akikusudia kukaa wiki moja, baada ya puto la hewa moto aliloshona, lenye maneno "Mungu ni Upendo", kukataa kupaa. Kilima cha kwanza alikijenga kwa saruji kidogo na mchanga mwingi, kikaporomoka mwaka 1989. Cha pili akakikandika kwa udongo wa mfinyanzi na nyasi kavu, vilevile kama tunavyofanya huku, akakipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Hayo maua aliyotaja mwenzangu ni mabonge ya udongo mbichi aliyoyapiga ngumi katikati; mwonyeshe mtoto lile shimo la ngumi. Kagua pia nyufa, kwani rangi ndiyo inayozuia mvua, na ikipasuka maji hupenya yakaumomonyoa udongo wa ndani.

MamaWawili, Nakuru
Ahsanteni sana. Lakini kama mwenyewe alifariki mwaka 2014 na wengine wanaendelea kupaka, tutakuwa tunaona kazi yake au yao?

FundiUdongo, Vihiga
Yake, mama. Ukuta wa udongo usiokandikwa upya haupo, na yeye mwenyewe alipokea rangi za wageni maisha yake yote.

MtuWaDunga, Kisumu
Mimi sina hakika sana na hilo, maana mkono mwingine huacha alama nyingine. Hata hivyo, mkitaka kuchangia, bebeni rangi ya maji, ile ya kuta, msibebe ya mafuta, na muwakabidhi wanaojitolea pale badala ya kujipakia wenyewe.