Mama ameshauriwa sindano ya seli shina kwa magoti yaliyosagika: je, inaepusha upasuaji kweli?

Binti wa Pangani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, kwa sababu jambo hili limeanza kutugawa nyumbani. Mama yangu ana umri wa miaka 66, ni mwalimu mstaafu, na ana kisukari anachokitumia vidonge. Magoti yamemsumbua kwa muda mrefu, na sasa hawezi kusali bila kiti wala kupanda daladala bila kushikwa mkono. Picha ya eksirei ilionesha kwamba goti la kulia limesagika kwa daraja la tatu kati ya manne na la kushoto kwa daraja la pili. Daktari wa hospitali ya mkoa alimwandikia dawa za maumivu, akamtaka apunguze uzito, akasema kwamba huko mbele huenda akahitaji goti bandia. Mama alipolisikia neno upasuaji, alikataa kabisa.

Baada ya hapo kaka yangu alipata mawasiliano ya kituo kimoja cha nje ya nchi. Wanasema watamtibu bila kisu: watamtoa mafuta kidogo tumboni, watayachakata siku hiyohiyo, kisha watamchoma sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ndani ya magoti, au watatumia seli zinazotokana na kitovu cha mtoto mchanga. Wanaahidi kwamba gegedu itaota upya. Gharama pamoja na nauli inatulazimu kuuza shamba la minazi alilotuachia baba. Kaka zangu wako tayari, na mimi sikatai mama atibiwe kwa chochote tulicho nacho. Ninachotaka kujua ni kama tiba hii imethibitishwa, na kama ina hatari kwa mtu mwenye sukari.

Tabibu wa Mifupa

Dada, pole kwa kuuguza, na umfikishie mama pole zangu. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu maswali kama lako nayapata kliniki karibu kila wiki, na familia nyingi huja kuuliza zikiwa zimekwisha kulipa.

Gegedu ni tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na seli zake ni chache, zimetawanyika mbalimbali. Ndiyo maana ikiharibika haijiponyi kama ngozi au mfupa unavyojiponya. Wagonjwa wetu husema kwamba ute wa goti umekauka, lakini kinachotokea ni kipana zaidi ya hapo: gegedu inakonda na kuchanika, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu na kuota vijipembe, utando wa kiungo unavimba, na misuli ya paja inalegea kwa kutotumika. Maradhi haya ni ya kiungo kizima. Mtu akikuambia kwamba sindano moja itarudisha tabaka hilo mahali pake, anakuahidi kitu ambacho hakuna jaribio lililofanywa kwa makini lililokionesha kwa goti lililosagika kama la mama.

Seli zinazozungumzwa hapa hupatikana katika uloto wa mifupa, katika mafuta ya mwili na katika kitovu. Mwaka 1991 mwanasayansi wa Marekani, Arnold Caplan, ndiye aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima, akitarajia kwamba zingegeuka kuwa mfupa na gegedu pale zinapopelekwa. Maabarani zinaweza kufanya hivyo. Ndani ya mwili wa binadamu mambo yamekuwa tofauti: nyingi hufa au kutoweka baada ya muda mfupi, na kazi zinayoifanya yaelekea kuwa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe. Mwaka 2017 Caplan huyohuyo aliandika kuwataka wenzake waache kuziita seli shina, kwa kuwa jina hilo linawapotosha wagonjwa.

Sasa nije kwenye ushahidi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wagonjwa zaidi ya 470 wenye magoti yaliyosagika. Wapo waliochomwa seli za uloto wao wenyewe, wapo waliochomwa seli za mafuta yao, wapo waliopewa seli za kitovu, na wapo waliochomwa sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hata hapa kwetu inapatikana kwa bei ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, hakuna kundi lolote la seli lililolishinda kundi la steroidi, si kwa maumivu wala kwa utendaji wa goti, na vipimo vya picha havikuonesha gegedu mpya. Kumbuka kwamba njia mbili alizoahidiwa mama, yaani mafuta na kitovu, zote mbili zilikuwa ndani ya jaribio hilo.

Mimi nisingeuza shamba kwa ajili ya sindano hii.

Abu Salim, Maskati

Assalamu alaykum. Pamoja na heshima yangu kwa daktari, nashuhudia nilichokiona. Ami yangu, ambaye tunaishi naye huku Oman, alichomwa sindano za seli zilizotoka katika uloto wa nyonga yake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akiamka usiku kwa maumivu. Ndani ya miezi michache alianza tena kwenda msikitini kwa miguu, na hadi leo anaisifu tiba hiyo. Yeye si mtu wa kudanganywa kirahisi, wala hana faida yoyote katika kuwasifu waliomtibu. Tuseme nini juu ya watu kama yeye? Isije ikawa tunamnyima mama wa watu nafuu kwa sababu tu vitabu bado havijakubali.

Tabibu wa Mifupa

Wa alaykum salaam, ndugu Abu Salim. Simkanushi ami yako hata kidogo. Ninaamini kwamba alipata nafuu, na namwombea idumu. Swali ni nafuu hiyo ililetwa na nini, na swali hilo wenzetu wa Mayo Clinic huko Florida walilitafutia jibu kwa njia nzuri sana.

Waliwachukua watu 25 ambao magoti yao yote mawili yalikuwa yakiuma. Kila mtu alitolewa uloto wa nyonga, goti moja likachomwa seli za uloto huo, na goti la pili likachomwa maji ya chumvi tu, bila mgonjwa kujua lipi limepata nini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionesha kwamba magoti yaliyopata seli yalipata nafuu kubwa. Magoti yaliyopata maji ya chumvi nayo yalipata nafuu iliyokaribia kuwa ileile. Ni watu walewale, uzito uleule, maisha yaleyale, na bado goti la maji lilikwenda sambamba na goti la seli.

Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa huenda kutafuta tiba yanapokuwa juu kabisa, hivyo mara nyingi hatua inayofuata ni kushuka hata bila tiba. Kisha kuna nguvu ya kuhudumiwa, ya kutumaini na ya kuchomwa sindano yenyewe. Nafuu ya namna hiyo ni ya kweli mwilini, wala si aibu kuwa nayo, ila si haki kumtoza mtu thamani ya shamba kwa nafuu ambayo maji ya chumvi huileta.

Kwa uadilifu niongeze upande wa pili. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 bidhaa ya seli za damu ya kitovu kwa ajili ya gegedu ya goti, lakini huwekwa kwa upasuaji, kwa hiyo haimfai anayekimbia kisu. India nayo mwaka 2022 ilitoa kibali kwa bidhaa moja ya seli za uloto wa wachangiaji, zilizokuzwa maabarani, kwa magoti ambayo hayajaharibika sana. Utafiti unaendelea, na natamani siku moja niwe na kitu cha kuwapa wagonjwa wangu. Hata hivyo, kibali cha bidhaa moja iliyokuzwa na kupimwa hakiwahusu wanaochakata mafuta katika chumba cha pili na kuyarudisha mwilini mchana uleule.

Mwanamaabara

Nafanya kazi ya maabara ya hospitali, nami nataka kugusia usalama, kwa sababu dada ameuliza kuhusu sukari. Bidhaa za kitovu hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye goti: hukusanywa chumba cha uzazi, huchakatwa, hugandishwa, husafirishwa na kuyeyushwa. Hatua yoyote kati ya hizo ikikosa usafi, bakteria huingia, na seli haziwezi kuchemshwa ili kuua vijidudu kama vifaa vinavyochemshwa. Mwaka 2018 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba wagonjwa 12 walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kupewa bidhaa za damu ya kitovu. Baadhi yao walikuwa wamechomwa kwenye viungo na uti wa mgongo. Usaha ndani ya goti unaweza kula gegedu iliyobaki kwa siku chache, na mwenye kisukari hupambana na maambukizi kwa shida zaidi. Kama goti hilo litahitaji kubadilishwa baadaye, historia ya maambukizi huifanya kazi ya mpasuaji kuwa ngumu na yenye hatari.

Jambo jingine: msidhani kwamba sayansi ya seli shina ni uongo wote. Upandikizaji wa uloto ni tiba iliyothibitishwa kwa miongo kadhaa katika maradhi ya damu, na hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Ni tiba inayofahamika inavyofanya kazi: seli za damu zinakwenda kutengeneza damu. Wauzaji wa sindano za magoti huazima heshima ya tiba hiyo, na ndipo watu waliosoma nao hunaswa.

Mnyoosha Viungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Naona tumezungumza sana kuhusu kisichofaa, na mama bado anaumwa, basi niseme kinachofaa.

Kila kilo moja anayoipunguza mtu mwenye goti lililosagika humwondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua anayopiga. Fikiria ni hatua ngapi kwa siku. Akipunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wake na kufanya mazoezi pamoja nayo, tofauti huonekana kwa wengi, na kisukari chake nacho kitamshukuru. Mazoezi ninayoyasema si ya kujitesa: akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu polepole hadi goti likaze, ashikilie kidogo, ashushe, kisha ainuke kitini na kukaa tena bila kujivuta kwa mikono, kadiri anavyoweza. Misuli ya paja ikipata nguvu, inabeba sehemu ya mzigo uliokuwa ukilielemea goti. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yasimtishe; yakizidi na kudumu hadi kesho yake, apunguze kiasi, asiache.

Ashike bakora kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Goti la kulia ndilo baya, basi bakora iwe mkono wa kushoto. Wazee wengi huishika upande wa goti bovu, na msaada wake unapungua. Wiki za mwanzo ataona kama hakuna kinachobadilika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Naomba mumsimamie hadi miezi mitatu ipite.

Binti wa Pangani

Nawashukuru sana nyote. Nimewasomea kaka zangu majibu haya, na mmoja anauliza: kama sindano ya seli haikuishinda steroidi, basi kwa nini mama asichomwe steroidi kila mara na mambo yakaisha? Pia mama anauliza kama goti bandia hudumu, maana amesikia kwamba huharibika upesi.

Tabibu wa Mifupa

Kaka yako ameuliza vizuri. Steroidi hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, na humfaa mtu goti linapovimba ghafla au anapohitaji nafasi ya kuanza mazoezi. Kuirudia mara kwa mara ni jambo jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwachoma wagonjwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na gegedu yao ilikonda zaidi kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi, huku maumivu yao yakiwa hayana tofauti ya maana. Kwa mama kuna la ziada: steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo akichomwa ni lazima apime sukari nyumbani na daktari wake wa kisukari ajulishwe mapema. Dawa za maumivu za kumeza nazo zisitumiwe kiholela, hasa akiwa na presha au figo zenye shida. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kuanza nayo.

Kuhusu goti bandia, mwambie mama kwamba kumbukumbu za mataifa yanayofuatilia wagonjwa kwa muda mrefu zinaonesha kuwa takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa yote bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Simshinikizi afanyiwe. Goti lake la daraja la tatu bado lina nafasi ya kusaidiwa kwa mazoezi na uzito, na upasuaji huu haumpiti mtu kwa kusubiri miezi michache. Likifika wakati, sukari ikiwa imedhibitiwa, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni mojawapo ya mahali anapoweza kuonwa, na familia ijionee wagonjwa waliokwisha kubadilishwa magoti.

Na kama kaka zako bado wanasita, wakiandikie kile kituo kabla ya kumtafutia shamba mnunuzi. Wakiulize ni mamlaka gani ya dawa iliyotoa kibali cha bidhaa wanayoichoma, na kibali hicho ni kwa maradhi gani hasa. Wadai nakala yake. Waulize ni nani atakayemhudumia mama goti likivimba na homa ikipanda akiwa amekwisha kurudi Tanga. Waulize pia kama ni utafiti, kwa maana utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya shamba la minazi ili ashiriki.

Binti wa Pangani

Maswali hayo nimeyatuma leo. Jumatatu nampeleka mama kwa fiziotherapia, na bakora ameshaihamishia mkono wa kushoto.