Mrejesho: lile deni la mahabusu ya mwanangu, California

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu barua ya kaunti iliyonidai gharama za siku alizolala mwanangu mahabusu ya watoto mwaka 2016, pamoja na kile kifaa cha mguuni cha kufuatilia alipo.

Nilikwenda kwa wakili wa umma na bahasha zote. Kumbe sheria ya jimbo iitwayo SB 190 ilipiga marufuku kuwatoza wazazi ada hizo tangu Januari 1, 2018. La kwangu ni la nyuma, ila kaunti yetu ilishafuta hata madeni ya zamani. Jina langu tu lilibaki kwenye kompyuta. Karani akanichapia karatasi: salio 0.00. Nilizokwisha kulipa hazirudi, na hapo roho inaniuma.

Ila fidia ya kioo cha gari la jirani alichovunja mwanangu, SB 190 haikuigusa. Hiyo kijana anaimalizia mwenyewe.