Naomba ushauri: watazamaji wanalalamikia sauti ya filamu ya maroboti makubwa

Habari zenu wakuu. Naandaa onyesho la filamu ya maroboti makubwa, zile za bajeti nene, kwa projekta na spika mbili. Kwenye majaribio watazamaji walilalamika kwamba mapigano yanapasua masikio huku maneno hayasikiki, na kwamba roboti lenye urefu wa ghorofa linaonekana jepesi kama mwanasesere.

La picha limekwisha. Projekta ilikuwa inabuni fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) za ziada kati ya zile 24 za kila sekunde, mwendo ukawa laini kupita kiasi. Nimezima, uzito umerudi.

Sauti ndiyo imenikwamisha. Filamu ina chaneli 5.1, yaani sauti iliyogawanywa njia sita, tano za kawaida na moja ya besi, na maneno mengi hukaa chaneli ya kati, ambayo sina spika yake. Nimejaribu kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo: maneno yakasikika, ila kishindo cha ngumi ya chuma kikafa, na hicho ndicho watu wanachokifuata!

Je, nikipandisha chaneli ya kati peke yake kabla ya kuchanganya chaneli zote kuwa mbili za spika zangu, nianzie desibeli ngapi? Au dawa ni kuongeza spika ya kati tu?

Natanguliza shukrani.